Insha ya Maelezo Shuleni: Baina ya Pambo na Hoja

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya, ambaye huweza kusimulia kisa kwa ufasaha wa kupendeza, aghalabu hukwama anapotakiwa kueleza jambo, yaani kutaja sababu zake, athari zake na njia ya kulirekebisha. Imekuwa ada kulaumu uhaba wa msamiati au udhaifu wa sarufi. Dai la makala haya ni kwamba kasoro iko kwingine. Mwanafunzi hufunzwa kuipamba lugha kabla ya kufunzwa kuitumia kutoa hoja. Na mada inapogusa maisha yake mwenyewe, pambo hilo humfaa pia kama stara.

Asili mbili za insha

Neno insha lina asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo lilimaanisha utungaji, na hasa ufundi wa makatibu wa serikali walioandika barua na hati rasmi kwa nathari iliyopambwa. Al-Qalqashandi wa Misri, aliyefariki mwaka 1418, aliutungia ufundi huo kitabu kikubwa cha majuzuu mengi. Kwa upande wa pili, zoezi la insha lililoingia katika shule za Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Waingereza lina nasaba na maandishi ya Ulaya. Montaigne wa Ufaransa alikipa kitabu chake cha mwaka 1580 jina lenye maana ya majaribio, kwa kuwa humo aliyapima mawazo yake kwa kuanzia na nafsi yake. Nasaba ya kwanza huthamini uzuri wa kauli. Ya pili huthamini mwendo wa fikira.

Nasaba hizi mbili si lazima zigombane. Shaaban Robert, aliyetoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, ni ushahidi kwamba tashbihi na methali zaweza kubeba wazo badala ya kulifunika. Tatizo la darasani ni kwamba nasaba ya kwanza imerithiwa bila ya pili.

Mazoea ya kusimulia

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka huo hadi 2023, mara nyingi mtahiniwa alipewa maneno ya kuanzia au ya kumalizia kisa. Mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, humtaka mengine. Katika karatasi ya insha yenye alama 40, mtahiniwa hutunga insha mbili za alama 20 kila moja. Ile ya kwanza ni ya lazima, nayo huwa ya uamilifu, kama vile barua, hotuba, ripoti au tahariri.

Mabadiliko haya yanadai sarufi tofauti, jambo ambalo vitabu vya kiada havilitilii mkazo wa kutosha. Masimulizi huendeshwa kwa kiambishi -li- kikifuatwa na mfululizo wa -ka-: alitoka, akaenda, akaona. Mfululizo huo hupanga matukio kwa wakati. Maelezo hupanga mambo kwa sababu, na zana zake ni nyingine: hu- ya mazoea, -ki- na -nge- za masharti, virejeshi, na viunganishi kama vile kwa kuwa, ilhali, hata hivyo na kwa hiyo. Mwanafunzi aliyezoezwa -ka- kwa miaka mingi, akiulizwa sababu za vijana kuacha shule, husimulia kisa cha kijana mmoja aliyeacha shule. Hakukosa la kusema, bali ameshika zana aliyoizoea.

Aya mbili

Tofauti inayozungumziwa itaonekana katika aya mbili zilizotungwa hapa kwa ajili ya mfano, zote juu ya uhaba wa maji. Ya kwanza inasema hivi:

"Ama kwa hakika, wahenga na wahenguzi hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena kuwa maji ni uhai. Uhaba wa maji umekuwa donda ndugu katika jamii yetu. Kumekuwa na ongezeko la mahangaiko yasiyo kifani miongoni mwa wananchi."

Ya pili inasema hivi:

"Kisima kikiwa mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, msichana anayeteka maji mara mbili kwa siku hupoteza saa nne njiani. Saa hizo ndizo ndugu yake anazozitumia kudurusu. Kwa hiyo uhaba wa maji hauleti kiu peke yake, bali pia huwatofautisha katika masomo watoto walalao nyumba moja."

Aya ya kwanza haina kosa la sarufi, na baadhi ya wasahihishaji wangeitunuku. Hata hivyo, ukiondoa neno maji ukaweka amani au elimu, haitapungukiwa na kitu. Tena nomino zake dhahania, ongezeko na mahangaiko, humficha mtenda na mtendwa: haijulikani nani anahangaika, wala kwa sababu gani. Aya ya pili ina maneno ya kawaida, lakini kila sentensi yake huisukuma inayofuata. Ina jambo lililoonekana, kisha ulinganisho, kisha hitimisho ambalo msomaji anaweza kulipinga. Hoja isiyoweza kupingwa si hoja.

Pambo kama stara

Mada za kijamii zinazotolewa shuleni, kama vile ulevi, umaskini, mimba za mapema na mizozo ya kifamilia, si za kijamii tu. Katika kila darasa wamo watoto ambao kwao mada hizo ni habari za nyumbani. Mtoto wa namna hiyo ana ujuzi mwingi zaidi kuliko wenzake, lakini ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kujificha. Maneno ya kukariri humsitiri. Akiandika kwamba pombe ni "adui wa jamii", hakuna atakayemtazama.

Basi mwalimu hawezi kudai ukweli wa nafsi bila kumhakikishia mwanafunzi heshima. Insha isisomwe mbele ya darasa bila idhini yake, wala isigeuzwe mazungumzo ya chumba cha walimu. Iwapo imedokeza hatari kwa mtoto, mwenye dhamana ya kumsaidia aarifiwe kwa siri. Zaidi ya hayo, mwanafunzi afunzwe kwamba yaweza kuandikwa yanayojulikana bila kumtaja anayehusika. Nafsi ya tatu na hu- ya mazoea ni stara halali: "Mtoto ambaye mzazi wake hulewa hujifunza kutambua nyayo kabla mlango haujafunguliwa." Sentensi hiyo haimwaibishi mtu, lakini imejaa ujuzi. Ndiyo njia ya kuvuka kutoka nafsi hadi jamii.

Kazi ya msahihishaji

Makosa ya hijai huonekana upesi, ilhali upungufu wa hoja hudai kusoma kwa makini. Mwalimu mwenye rundo la madaftari hutia wino mwekundu penye herufi na kupita penye fikira. Njia mojawapo ya kurekebisha hali hiyo ni kusahihisha baadhi ya mazoezi kwa jambo moja tu, na kuandika pambizoni maswali mawili: Unajuaje? Kwa hiyo je? Swali la kwanza hudai ushahidi, na la pili hudai hitimisho.

Methali nazo zisifukuzwe, bali zijaribiwe. Badala ya kumwagiza mwanafunzi aithibitishe "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", aulizwe vilevile habari ya aliyefunzwa vyema na mamaye, kisha ulimwengu ukamharibu. Hapo methali huwa mwanzo wa kufikiri.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi ni lugha ya ripoti, ya hukumu na ya mjadala wa sera. Na watakaoziandika ripoti hizo ndio wanaotunga insha madarasani sasa. Wakihitimu wakiamini kwamba Kiswahili ni cha kupambia na Kiingereza ni cha kufikiria, kifungu cha katiba kitabaki maandishi matupu. Idara za lugha katika vyuo vikuu, ambazo huwaandaa walimu wa somo hili, zina wajibu wa kuifanya insha ya maelezo kuwa sehemu ya mafunzo yao, sarufi yake ikichambuliwa kwa uzito uleule unaopewa ushairi na riwaya.