Chakula cha Mzee Si Uji Mtupu

Mzee aliyezoea kulima tangu alfajiri hata saa sita leo hawezi kuinuka kitini pasipo kushika meza. Watu wa nyumbani husema, "Ni uzee," nao humpa uji laini, na chai na mkate, maana meno yamepungua. Nyama na mayai huwekewa vijana wenye kazi. Desturi hiyo yatokana na huruma, lakini humdhuru yule yule anayehurumiwa.

Misuli ya mwanadamu huanza kupungua pole pole apitapo miaka 30 au 40, na baada ya 60 hupungua upesi zaidi. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliiita hali hiyo sakopenia, yaani, kwa Kiyunani, umaskini wa nyama ya mwili. Na jina hilo laifaa sana. Misuli hujengwa kwa protini, ambayo mwili wa mzee hauitumii vyema kama wa kijana. Kwa hiyo mzee ahitaji zaidi, wala si kidogo. Mwaka 2013 wataalamu walishauri gramu 1 hata 1.2 za protini kila siku kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mwenye kilo 60 ahitaji gramu 60 kwa uchache. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe kikubwa cha maziwa 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15. Asiyeweza kutafuna apondewe maharagwe, atolewe samaki miiba, na uji wake upikwe kwa maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Lakini kula peke yake hakutoshi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walieleza habari za wazee 10 dhaifu wa Boston, wenye miaka 86 hata 96, walioinua uzito kwa miguu muda wa majuma 8. Mmoja aliacha; nguvu za miguu ya wale 9 zilizidi maradufu. Katika uchunguzi wa pili wa wazee 100, uliotangazwa mwaka 1994, waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu.

Nyumbani hapahitajiwi vyuma. Mzee na ainuke kitini na kuketi mara kadhaa kila asubuhi, akijaribu kutoshika kitu, na mtu akae karibu asije akaanguka. Naye mjukuu asimpokonye ndoo kisimani akidhani amsaidia. Amwachie iliyojaa nusu.