Simu ya Mezani: Lipia Vitufe, Si Kioo

Muuzaji atakuwashia kwanza simu yenye kioo cha rangi, maana ndiyo inayong'ara kaunta. Usiharakishe. Kazini macho yako yatatafuta mambo mawili tu: nani anapiga, na laini ipi iko wazi. Kioo cha mistari miwili kisicho na rangi kinayaonyesha yote mawili, na bei yake ni ya chini zaidi. Hakikisha tu kina taa ya ndani.

Fedha iende kwenye vitufe. Kusubirisha, kuhamisha simu na kuzima sauti viwe na vitufe vyake. Kwenye simu nyingi za bei nafuu, kuhamisha kumefichwa chini ya vitufe vya pembeni mwa kioo, ambavyo kazi yake hubadilika kila hatua ya mazungumzo. Nyingine zina kitufe cha Flash, au R, basi: unakibonyeza, unapiga ekstensheni, unakata. Inawezekana, ila mfanyakazi mgeni atawakata wateja kabla hajazoea.

Vitufe vyenye taa, vinavyoonyesha nani yuko kwenye simu, vinamfaa mtu wa mapokezi. Nunua simu moja ya namna hiyo. Wengine wote wapate za kawaida. Bosi naye yumo, hata akinuna.

Sasa gharama zisizosemwa. Simu ya mtandao (IP) mara nyingi huuzwa bila adapta ya umeme, kwa kudhani una swichi inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao. Swichi hiyo ni ghali kuliko ya kawaida, kwa hiyo kama unanunua simu mbili tatu, adapta zitakugharimu kidogo. Umeme wenyewe si tatizo: simu inayotumia wati 3 usiku na mchana hula uniti 2 na kitu kwa mwezi. Kwenye laini ya waya ya zamani, uliza kama mtoa huduma anatoza ada ili namba ya mpigaji ionekane. Asipoiwasha huduma hiyo, kioo chako kitabaki saa ya ukutani.

Simu za mtumba kutoka ofisi za Ulaya ni imara na bei yake inavutia, lakini kuna mitego miwili. Baadhi zimefungwa kwa kampuni iliyozitoa au zina nywila asiyoijua muuzaji. Nyingine ni za kidijitali, na zinakubali mtambo wa simu wa ofisi wa chapa yao peke yake. Bila mtambo huo hata mlio wa laini hupati. Tazama pia namba 0 na 9, zinazobonyezwa sana ofisini: maandishi yaliyopakwa juu hufutika upesi.

Kabla ya kulipa, iunganishwe pale pale dukani, muuzaji apokee simu na kuihamisha mbele yako bila kufungua menyu. Akihangaika yeye, iache hapo hapo kwenye rafu.