Je, Wajua? Mwizi Naye Anadaiwa Kodi

Je, wajua kwamba Marekani mwizi hutakiwa kulipia kodi kile alichoiba? Mwongozo wa mamlaka ya mapato ya huko, IRS, unasema wazi: ukiiba mali, jaza thamani yake ya sokoni kwenye ritani ya mwaka huohuo, isipokuwa umeirudisha kwa mwenyewe kabla mwaka haujaisha. Rushwa nayo ni mapato.

Kwamba sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1913 iligusa biashara halali tu? Mwaka 1916 sharti hilo likafutwa, na ilistahili. Anayetoka jasho akatwe, mhalifu asamehewe?

Kwamba muuza pombe ya magendo alijitetea kuwa kujaza ritani ni kujishtaki mwenyewe? Mwaka 1927 Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu alimkatalia. Huenda swali mojamoja angeweza kukataa kulijibu, lakini si kuacha kuwasilisha fomu yenyewe.

Kwamba mlango huo wa kodi ndio uliomnasa kinara wa genge la wahalifu, Al Capone? Mashahidi walimwogopa, ila vitabu vya hesabu haviogopi mtu. Mpelelezi Frank Wilson alikuta kitabu cha nyumba ya kamari, akalinganisha mwandiko wake na karatasi za benki, hadi akampata karani aliyekiandika. Karani akatoa ushahidi. Oktoba 1931 Capone alihukumiwa miaka 11 jela na faini ya dola 50,000, kwa makosa ya kodi peke yake.

Kwamba tangu 1946 aliyekula fedha za mwajiri hakutozwa kodi, kwa hoja kuwa fedha hizo ni deni? Hoja dhaifu, nayo ilidumu miaka 15. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu iliigeuza, katika kesi ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyeshirikiana na mwenzake kufuja zaidi ya dola 738,000. Na kulipa kodi hakumwondolei mtu kosa la wizi.

Kwamba mwaka 1981 muuza dawa za kulevya wa Minneapolis aliruhusiwa kuondoa kwenye hesabu zake gharama za mizani, simu, mafuta ya gari na sehemu ya pango la nyumba? Bunge lilikasirika, likaleta kifungu 280E cha sheria ya kodi mwaka 1982 kuwanyima wauza dawa za kulevya nafuu hiyo. Miaka mingi baadaye kikayabana hata maduka ya bangi yenye leseni za majimbo: bei ya kununulia mzigo inaondolewa, lakini pango na mishahara ya wauzaji haiondolewi.