NDEGE ZA JESHI LETU: ZILITOKA WAPI, ZIMEFANYA KAZI GANI?

Bila shaka umewahi kusikia mngurumo mkubwa angani. Unatoka nje, unatazama pale sauti inapotokea, huoni kitu. Kumbe ndege iko mbele zaidi.

Sababu ni hii. Sauti husafiri karibu kilomita 20 kwa dakika moja. Ndege ya kivita inaweza kwenda mwendo huo, hata kuupita. Toka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 70. Kwa mwendo wa sauti, hizo ni dakika tatu na nusu tu. Basi sauti inapokufikia, yenyewe imekwishapita.

Je, ndege hizi jeshi letu lilizipata wapi?

MWANZO WA SAFARI

Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yaani JWTZ, liliundwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo. Ujerumani ya Magharibi ilikubali kutusaidia kuanzisha kikosi cha anga.

Lakini wakati ule kulikuwa na Ujerumani mbili, na hazikupatana. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na urafiki na Zanzibar. Baada ya Muungano, Tanzania iliiruhusu kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ujerumani ya Magharibi ikachukia. Mapema mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na walimu wake wakarudi kwao. Mwalimu Nyerere hakukubali nchi yetu ichaguliwe marafiki.

Hapo somo la kwanza likapatikana: ndege ya msaada huja na kamba mguuni.

NDEGE ZA KUBEBA

Nafasi ile ikashikwa na Kanada mwaka huo huo wa 1965. Kanada ilileta walimu na ndege za pangaboi, zikiwamo Otter na Caribou. Hizi si ndege za kupigana. Kazi yake ni kubeba watu na mizigo. Otter ina injini moja, hubeba watu kama 10. Caribou ina injini mbili, hubeba askari kama 30.

Sifa yake kubwa ni kwamba huruka na kutua kwenye uwanja mfupi, hata wa udongo. Kwa nchi pana yenye barabara mbaya, hiyo ilikuwa faida kubwa. Wakanada walimaliza kazi yao mwaka 1970.

NDEGE ZA KUPIGANA

Baada ya hapo China ikasaidia. Ilileta ndege za kivita na kusaidia kujenga uwanja wake huko Ngerengere, mkoa wa Morogoro. Ndege nyingine za kivita, aina ya MiG-21, zilitoka Urusi ya wakati ule.

Ndege hizi hazina pangaboi. Injini yake huvuta hewa kwa mbele, huichoma pamoja na mafuta, kisha huitupa nyuma kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayoisukuma ndege. Lakini hula mafuta mengi, na hutaka uwanja mrefu wenye lami.

VITA VYA KAGERA

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na ndege zake zikatupa mabomu Bukoba. Hapo ndege zetu zilipata mtihani. Siku za mwanzo wa vita, ndege zetu wenyewe zilitunguliwa na askari wetu karibu na Musoma. Walidhani ni za adui. Kumbe kumtambua mwenzako angani ni kazi kubwa kama kumpiga adui.

Mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilitupa mabomu Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Aprili 1, ndege zetu zikajibu huko Uganda. Aprili 7 askari wetu wakauteka uwanja wa Entebbe.

NDEGE HAIACHI KULA

Katika miaka ya 2010 ndege kuukuu za kivita zilipokewa na F-7 mpya zaidi kutoka China. Ndogo za aina ya K-8 ni za kufundishia marubani.

Lakini kupata ndege ni mwanzo tu. Ndege ni kama ng'ombe: hata asipokamuliwa, lazima ale. Inataka mafuta, vipuri, mafundi na rubani aliyefundishwa miaka mingi. Anayekuuzia vipuri ana sauti juu ya ndege yako. Ndiyo maana fundi wetu anayejua kuitengeneza ni silaha sawa na ndege yenyewe.

Hata ndege wa porini anaweza kuiangusha. Mwaka 2015 huko Mwanza ndege ya kivita ilipata ajali ikiruka, baada ya ndege wa porini kuingia katika injini. Rubani alipona. Kwa hiyo wanaoishi karibu na viwanja wasitupe takataka ovyo. Takataka huita kunguru.

Na ukikuta chuma usichokijua shambani, usikiguse, usikigonge, wala usikichome. Weka alama mbali nacho, zuia watoto, kisha mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au polisi haraka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake?
2. Kwa nini Caribou iliifaa nchi yetu?
3. Kijijini kwetu kuna mashine gani ya msaada? Nani anajua kuitengeneza?