Lori la Saruji na Elimu ya Mantiki

Mpitaji wa Busia huyaona malori yaliyotoka bandarini Mombasa yakipanga foleni kuingia Uganda. Tangu tarehe 24 Februari 2018, kilipozinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, hati za shehena hukaguliwa upande mmoja tu, na kompyuta hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Basi wapo wananchi wanaodhani ya kuwa mtambo huo haushindwi na jambo lolote. Dhana hiyo si sahihi.

Chukueni mfano huu, ndugu wasomaji. Lori limepakia saruji Tororo, nalo lapaswa kuifikisha katika miji 10. Ni mpangilio upi wa safari utakaotumia mafuta machache kuliko yote? Mipangilio iwezekanayo ni 3,628,800. Kompyuta ikaguayo mipangilio milioni moja kwa sekunde itaimaliza kabla ya sekunde 4. Miji ikiwa 15, itahitaji siku 15. Ikiwa 20, itahitaji zaidi ya miaka 77,000! Hata ukinunuliwa mtambo wenye kasi mara elfu moja, dereva atangoja miaka 77.

Ni dhahiri, basi, kwamba fedha za kununulia mitambo hazitoshi. Yahitajika akili ya kubuni njia ya mkato. Mbinu za kupunguza kazi hiyo zipo, lakini haijathibitishwa hata moja iliyo ya haraka kwa kila hali. Mwaka 1971 Stephen Cook wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, aliliweka wazi swali lenyewe: je, kila tatizo ambalo jibu lake huhakikiwa upesi laweza pia kutatuliwa upesi? Mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay, Marekani, iliahidi dola 1,000,000 kwa atakayelijibu. Hadi leo hajapatikana.

Waganda nao wameishika njia ya elimu hii. Profesa Venansius Baryamureeba alisoma hisabati Makerere, akapata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta huko Bergen, Norwei, mwaka 2000. Alirejea nyumbani, akaongoza kitivo cha kompyuta cha Makerere, na toka mwaka 2009 hadi 2012 alikuwa makamu mkuu wa chuo hicho. Wilayani Busia kwenyewe, Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha uhandisi wa kompyuta.

Mzazi aulizaye mwanawe msoma hisabati atakula nini, na alitazame lori lile. Mafuta yanayopotea njiani hulipwa na mnunuzi wa saruji.