Maumivu ya Mkono Baada ya Upasuaji: Tumeze Dawa Ipi?

Ndugu wasikilizaji, leo tuzungumzie mkono. Tuchukue mfano wa fundi cherehani aliyepasuliwa kwenye kifundo cha mkono ili kuufungulia mshipa wa fahamu uliobanwa. Upasuaji huo ni mdogo. Mkono hutiwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usiku ganzi inaisha, maumivu yanaanza. Jirani naye hakosi ushauri: "Panadoli haiwezi hiyo, tafuta tramadoli!"

Je, ni kweli? Watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa wa upasuaji huo huo katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa parasetamoli, la pili ibuprofeni, na la tatu oksikodoni, dawa kali ya jamii ya afyuni. Wagonjwa hawakujua wamepewa ipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo.

Basi tuzilinganishe. Parasetamoli, ambayo ndiyo hiyo panadoli, haiudhi tumbo. Mtu mzima mwenye afya humeza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Vikizidi huharibu ini. Angalia pia dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni hupunguza na uvimbe, lakini imezwe baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, na mama mjamzito, wasiimeze bila kumwuliza daktari. Tramadoli, ambayo ni ya ukoo wa oksikodoni, huleta usingizi, kichefuchefu na kufunga choo. Tena mtu aweza kuizoea akashindwa kuiacha.

Basi la muhimu si ukali wa dawa, bali ni kufuata saa. Meza dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Mkono uinuliwe juu kuliko moyo. Ukilala, uweke juu ya mto.

Mwisho, maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakizidi badala ya kupungua, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au vidole vikifa ganzi upya, usiongeze kidonge. Rudi hospitali mara moja. Fundi anayeyanyamazisha maumivu hayo kwa dawa kali aweza kupata usingizi wa usiku mmoja, akaupoteza mkono unaomlisha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.