Mfarishi wa viraka: nguo za marehemu, baridi ya Ufipa na hesabu ya mirathi

KIPUPWE kikishaingia Sumbawanga, hakuna anayehitaji kuhubiriwa thamani ya blanketi. Mji wetu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai humkuta muumini njiani akienda kuswali Alfajiri hata kama amevaa makoti mawili. Ndugu zetu wa Kirando na Kasanga, walioko chini kando ya Ziwa Tanganyika, hupanda huku na shuka moja kisha wakatafuta la pili kabla ya Isha.

Ndiyo sababu kina mama wa mitaa yetu hawajaiacha kazi ya mifarishi. Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka yaliyoshonwa pamoja. Juu huwekwa vitambaa vilivyoungwa, vikabandikwa nakshi na kudariziwa. Katikati hutiwa pamba, sufi au blanketi lililochakaa, na chini huwekwa kitambaa kizima cha kuyashika yote. Mashine haihitajiki, sindano, uzi, mkasi na subira vinatosha. Wala nchi hii haikuanza jana kuzijua nguo: wasafiri waliopita Ufipa katika karne ya 19 waliwakuta wenyeji wakisokota pamba na kufuma nguo nzito kwa mikono yao, kabla nguo za viwandani hazijaifuta kazi hiyo. Allah (s.w.) katika Suratun Nahl, aya ya 80 na ya 81, anazitaja nyumba, vyombo vitokanavyo na sufi na manyoya, pamoja na mavazi ya kutukinga, kuwa ni miongoni mwa neema zake. Mwenye kushona cha kuwafunika watoto wake anaitumia neema hiyo, na tusimwite mtu asiye na kazi.

Mwaka huu, hata hivyo, mfarishi uliifikia kamati yetu ya msikiti kwa njia ya swali. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe, akiwa bado ndani ya eda, alituma mtu kuuliza: je, anaruhusiwa kuzikata nguo za marehemu na kuwashonea watoto wake mfarishi? Nguo zenyewe zilikuwa kanzu tatu, mashati, suruali na koti moja la sufi. Shemeji yake alikwisha kusema kwamba kwa mila ya ukoo nguo hizo hugawiwa ndugu wa kiume baada ya arobaini, na kwamba zisiguswe. Mama akasema watoto wanalala na baridi, na wanaitaka harufu ya baba yao.

Swali lile lilitugusa sote, lakini huruma peke yake haigawi mirathi. Nguo za marehemu ni mali yake kama lilivyo shamba lake. Mtu anapofariki, hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Kinachobaki, hata kikiwa shati lililopauka, ni cha warithi. Kwa hiyo shemeji hakuwa na haki ya kuzigawa kwa mila, na mjane naye hakuwa na haki ya kuzikata kwa mapenzi. Marehemu aliacha mke, mama mzazi, na watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike, wote wadogo. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Mama mzazi ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike. Ndugu wa marehemu hana fungu, maana mtoto wa kiume humzuia.

Uzito ulikuwa kwa wale watoto. Mtu mzima anaweza kusema nimesamehe fungu langu. Mtoto hawezi kusamehe, wala mlezi hawezi kusamehe kwa niaba yake. Tunajua sote onyo la Suratun Nisaa, aya ya 10, kwa wanaokula mali za yatima kwa dhulma. Huenda msomaji akacheka kwamba tunazungumzia suruali za mtumba. Asicheke, kwani aliyezoea kuchukua suruali ya yatima bila hesabu hatasita ekari zitakapofika.

Njia iliyopatikana ilikuwa nyepesi. Tulimwita muuza nguo wa sokoni, mtu asiye na udugu na upande wowote, akazithaminisha nguo moja moja mbele ya mashahidi. Thamani yake ilikuwa ndogo mbele ya shamba na pikipiki, nayo ikaingia ndani ya thumni ya mjane bila kumgusa mwingine. Bibi wa watoto aliomba kanzu moja ya Idi, ikahesabiwa katika sudusi yake. Zilizobaki mjane akazichukua kwa haki, zikaandikwa katika daftari, na shemeji mwenyewe akatia saini. Mkasi ukaanza kazi siku ile ile. Mitaani wapo wanaodai kwamba mwenye eda hashiki sindano. Dalili ya neno hilo hatuijui. Kilichokatazwa kwake ni kujipamba, na kushona blanketi la watoto si kujipamba. Miezi minne na siku kumi ya kukaa nyumbani ni muda unaolingana vizuri na kazi ya namna hii.

Sasa tueleze inavyofanywa, kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi hupenda kujaribu. Vitambaa vyote vifuliwe kwanza kwa maji ya moto, hasa vyeusi na vyekundu, ili rangi inayochuja ichuje kabla haijaharibu kitambaa cheupe kilicho jirani. Pamba ichanganywe na pamba. Ukiichanganya na nailoni, mfarishi utajikunja ukifuliwa. Kata kielelezo cha boksi gumu chenye sentimita 27 kila upande. Kila ukingo ukiliwa na mshono wa sentimita moja, utabaki na mraba wa sentimita 25. Miraba 63, yaani saba kwa tisa, hutoa mfarishi wa sentimita 175 kwa 225, unaokifunika kitanda cha futi nne kwa sita na kuning'inia kidogo pembeni.

Asiyetaka kuunga miraba na achukue doti ya kanga. Kanga mbili zikiungwa kwa upande mrefu hutoa kiasi cha sentimita 150 kwa 220, na pindo zake tayari ni fremu ambayo mchoraji angeitolea jasho. Nakshi ya kubandika hukatwa kubwa kidogo kuliko umbo linalotakiwa, kingo zikakunjwa kwa ndani nusu sentimita, zikapigwa bandi, kisha zikashonwa kwa mishono midogo isiyoonekana. Darizi hufuata baadaye, kwa mshono wa mnyororo kuzunguka kila umbo. Matabaka yote yanapounganishwa, sindano ianzie katikati kwenda pembeni, la sivyo kitambaa hukusanyika katikati kama tumbo.

Kuhusu umbo, Uislamu umetupa uwanja mpana: nyota ya pembe nane, mwezi, majani, maua, mizabibu, miraba isiyokwisha. Viumbe vyenye roho tuviache. Tunayo habari sahihi ya Mama Aisha (r.a.) aliyetundika pazia lenye picha. Mtume (s.a.w.) alipolichukia, yeye hakulitupa, bali alilikata akafanya mito ya kuegemea. Wanazuoni wamelitumia tukio hilo katika hukumu ya picha. Sisi tunaona ndani yake pia mama wa nyumbani aliyejua kwamba kitambaa kizuri hakitupwi. Kanga yenye tausi basi, mkasi upite katikati ya tausi. Na kanga yenye jina la Allah au aya isiwekwe kitandani kabisa, hata kama pindo lake ni zuri namna gani.

Kama kuna anayedhani viraka ni alama ya unyonge, Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kumwona Umar bin Khattab (r.a.), akiwa Amirul Muuminina, na viraka vitatu vilivyoshonwa kimoja juu ya kingine kati ya mabega yake.

Wapo pia ndugu zetu wa mbali waliokifanya kiraka kuwa fahari. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika waliovushwa Bahari ya Hindi zamani, wengi wao wakiwa watumwa. Wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu. Wao huanzia kwenye kona, si katikati kama sisi. Huzunguka ukingo wote na kuingia ndani duara kwa duara, wakibandika viraka kadiri wanavyokwenda, mpaka wakutane na katikati. Kila kona hutiwa vipande vya pembetatu viitwavyo maua kwa lugha yao, na mfarishi usio na maua huhesabiwa kuwa uko uchi. Mwaka 2004 waliunda ushirika wa kuiuza kwa msaada wa mtafiti wa Marekani, Henry Drewal, na kazi zao zimeoneshwa hata New York.

Neno la kuuza linatupeleka kwenye jambo linalotuudhi. Wapo wateja wanaoagiza mfarishi, wakauchukua kwa ahadi, kisha mama akawa mtu wa kudai mlangoni mwa mwingine kipupwe kizima. Kutengenezewa kitu kwa oda ni mkataba. Wanazuoni wa Kihanafi wameuruhusu chini ya jina la istisnaa. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi tunauingiza katika salam, na sharti la salam ni thamani yote kulipwa pale pale mnapokubaliana. Vipimo, rangi, aina ya kitambaa na siku ya kukabidhi vitajwe. Mteja anayeona uzito kulipa kabla na asubiri ununue uliokwisha kushonwa. Na mama akipanga bei asihesabu vitambaa na uzi tu. Ahesabu na siku zake, kwani mfarishi wa miraba 63 ukidariziwa vizuri hula wiki nyingi za jioni baada ya kazi za nyumbani. Kofia ya kudarizi ya Unguja au Lamu hulipwa vizuri kwa sababu kila mtu anajua imekaa mikononi muda mrefu. Tena kofia ile nayo imeshonwa kwa matabaka mawili, mfarishi mdogo wa kichwani.

Mfarishi ukishakamilika, ufuliwe kwa mkono katika beseni kubwa, usikamuliwe kwa kusokotwa, na uanikwe kivulini ukiwa umetandazwa juu ya kamba mbili ili uzito wa maji usikate nyuzi. Wa yule mama bado unahitaji safu mbili. Ule mfuko wa koti la sufi ameubandika mzima mzima karibu na ukingo wa juu, na mtoto wa mwisho ameanza kuweka humo tasbihi yake.